Siku Wahudumu Walipokataa Mabaki

Jina lake la kitambulisho lilikuwepo, ila halikuwa na kazi. Mtaani, kazini, hata kwa mumewe, aliitwa Kiguu na Njia, na aliitika bila kununa, maana kununa nako kunataka mtu atulie. Hata akiketi kumenya viazi, goti lake moja lilikuwa likicheza chini ya meza. Mumewe, fundi bomba na mtu wa mizaha, alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye hakumposa mkewe, alimwahi tu kwenye kona kabla hajaikata.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee, tena katika makao mawili. Asubuhi alikuwa kwenye makao ya bondeni, ambayo wahudumu waliyaita Chini. Mchana alibadili viatu, akapanda kilima kwa miguu hadi makao mengine waliyoyaita Juu. Huko kote kazi ni ile ile: kuogesha, kumgeuza aliyelalia ubavu mmoja kwa muda mrefu, kulisha, kutandika, kukata kucha, na kuisikiliza hadithi ya jana kana kwamba ndiyo kwanza inaepuliwa jikoni. Mshahara wa nyumba moja haukutosha. Ndivyo walivyo wahudumu wengi wa wazee: watu huwasifu kwa moyo wao mwema, kisha huwaacha wakihangaika huku na huku kutafuta mshahara wa pili.

Ugonjwa ule wa kuambukizana ulipoingia nchini, milango ya makao ilifungwa. Watoto na wajukuu wakawa wanapunga mikono nje ya dirisha, na wazee nao wanapunga bila kujua wanampungia nani. Wahudumu peke yao ndio walioingia na kutoka. Halafu ugonjwa ukazuka Juu, na kabla wiki haijaisha walikufa watatu: mwalimu mstaafu aliyesahihisha maneno ya kila mtu, bibi mmoja kiziwi aliyecheka kabla hujamaliza kumchekesha, na babu aliyemwita Kiguu na Njia "mwanangu" tangu siku ya kwanza.

Hakuna aliyesema nani aliuleta. Wahudumu wote walipimwa, wote wakaonekana wazima, na yeye akiwemo. Lakini kipimo cha leo hakisemi habari za juzi, na hilo alilijua. Tangu hapo roho yake ikawa juu juu. Nyumba zilikuwa mbili, kilima kimoja, na miguu iliyokipanda na kukishuka kila siku ilikuwa yake. Kama balaa lile lilitafuta wa kulibeba, lingempata nani mwingine?

Na kule Chini kulikuwa na Bi Posta.

Bi Posta alikuwa amefanya kazi ya kugonga mihuri kwenye barua mpaka alipostaafu, ila mkono wake wa kulia haukupata habari hizo. Kabla ya kula ilikuwa lazima agonge meza kwa ngumi, taratibu, kama anayemaliza rundo lake la mwisho. Kumbukumbu zilimponyoka, majina ya watu yalikwenda zamani. Kifua chake kilikuwa kibovu, na daktari alishasema wazi kwamba ugonjwa huu ukimgusa huyu, tusitegemee miujiza. Kiguu na Njia ndiye aliyemwogesha kila asubuhi. Alimpenda. Hakuwa na sababu kubwa, alimpenda tu, kama mtu anavyopenda mto mmoja wa kulalia na kuiacha mingine. Na kila alipomfunga vifungo vya gauni aliomba kimoyomoyo: Mola wangu, si huyu, na si kwa mikono hii.

Nyumbani aliacha kukaa mezani na wenzake. Sahani yake aliletewa mlangoni, akala amesimama, bega limeegemea ukuta wa nje.

"Paka wangu," mumewe alimtania jioni moja, "ukimaliza nikutolee na maziwa kwenye kisosi?"

"Cheka tu. Siku ukianza kukohoa tutaona nani atacheka."

Binti yao akachungulia nyuma ya baba yake. "Mama, si wanasema chanjo imefika? Mbona nyinyi hamchanjwi?"

"Wazee kwanza. Zamu yetu inakuja."

"Inakuja kwa magoti?"

Swali hilo lilimuudhi mama mtu. Aliiacha sahani nusu, akaenda kufagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Siku ya chanjo ya wazee ilipofika Chini, Msimamizi aliwakusanya wahudumu asubuhi na mapema. Alikuwa mwanamke mrefu, funguo zikilia kiunoni, kwa hiyo ulimsikia kabla hujamwona, isipokuwa siku alizotaka asisikike. "Leo tuna wageni kutoka hospitali," alisema. "Sitaki aibu. Mtu asiguse kisichomhusu."

Kila mtu alielewa anasema nini. Pale Chini kulikuwa na neno moja lililokwisha kumfukuzisha mtu kazi, nalo ni mabaki. Mwaka uliotangulia, dobi wao alikutwa na vipande viwili vya mkate na yai la kuchemsha alivyoviacha mzee mmoja mgonjwa. Aliitwa mwizi mbele ya watu, akaondoka akilia, na mkate ule na yai lile vikatupwa jalalani wote wakitazama. Likabandikwa tangazo jikoni: MABAKI YASICHUKULIWE. Tena Msimamizi alikuwa na mchezo wake. Aliacha sahani nzuri juu ya meza, akashika funguo zisilie, akajibanza nyuma ya mlango kuona nani atanyoosha mkono. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wahudumu wa Chini, ukiwatajia mabaki, walitazama dari.

Wageni walikuwa wawili, nesi wa chanjo mwenye sauti ya upole na dereva wake. Nesi alitandaza vitu vyake ofisini, na Kiguu na Njia akapewa kazi ya kuwaleta wazee mmoja mmoja na kuwashika mkono. Hapo alikuwa bingwa. "Babu, hebu tazama dirishani uniambie yule ni ndege gani." Sindano iliingia ikatoka, babu bado anamtafuta ndege. Bi Posta alipochomwa aliipiga meza ya nesi ngumi moja nzito, akasema, "Hii imepita." Kiguu na Njia alicheka mpaka barakoa ikamteremka puani, kisha akajikuta macho yamemlowa. Nusu ya mzigo ilikuwa imetuliwa. Nusu iliyobaki ilikuwa yeye mwenyewe.

"Na sisi je, dada?" alimuuliza nesi.

"Nyinyi bado. Mimi nimetumwa kwa wazee tu. Wahudumu mtapangiwa siku yenu."

"Lakini sisi ndio tunaoingia na kutoka. Hawa hawaendi popote."

"Dada yangu, ingekuwa amri yangu ningeanza na nyinyi."

Mchana ukafika. Kiguu na Njia alikuwa koridoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akili yake imeshafika nusu ya kilima. Mpishi alikuwa pale akipanga sinia kwenye kitoroli, na dobi mpya akikunja shuka. Mlango wa ofisi ukafunguliwa, nesi akatoa kichwa.

"Jamani, kuna mabaki huku. Nani anataka? Nisije nikamwaga bure."

Mpishi akatazama dari. Dobi mpya, ambaye alijua vizuri kwa nini nafasi yake ilikuwa wazi, akaanza kuzikunja upya shuka zilizokunjwa. Kiguu na Njia alikuwa ameona chai ya wageni ikipelekwa ofisini na keki nzima, akajua bila kuambiwa ni mabaki gani hayo. Akamtazama yule nesi kwa masikitiko. Mtu mwema vile, kumbe naye ametumwa kuwatega!

"Sisi hatuchukui mabaki, dada," alisema kwa heshima zote.

"Hata mmoja wenu?"

"Hata mmoja. Wewe yamwage tu."

"Mna hakika? Kumwaga vitu hivi ni dhambi."

"Dhambi ni kupoteza kazi," mpishi akadakia, na wote watatu wakacheka chini ya barakoa zao, wakijiona wajanja. Nesi aliwatazama kidogo, akarudi ndani, akafunga mlango.

Kwenye uwanja wa mbele dereva alikuwa ameegemea gari. "Mama, nyinyi ni watu wa ajabu," alimwambia Kiguu na Njia alipokuwa anampita, kiatu cha pili bado mkononi. "Kila tunakokwenda wahudumu wanagombania, wengine wanataka hata kupigana. Hapa mnakataa chanjo?"

"Nani kakataa chanjo?"

"Si nyinyi? Nesi kaniambia sasa hivi. Dozi zimebaki kwenye kichupa, na kichupa kikishafunguliwa hakingoji kesho. Kawaita mchanjwe, mkamwambia amwage."

"Alisema mabaki!"

"Haya. Na dozi zilizobaki utaziitaje?"

Alirudi ndani mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akipiga kelele za kumwita nesi mpaka wazee wakadhani nyumba inaungua. Nesi alikuwa anavua glavu. Kichupa kilikuwa kimeshatupwa kwenye sanduku la taka za sindano, na sanduku limeshafungwa.

"Nilidhani hamtaki," alisema yule nesi, sasa naye karibu kulia. "Tumeagizwa tusimlazimishe mtu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kiguu na Njia alisimama palepale akilitazama sanduku. Mara hiyo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakuwa na pa kukimbilia. Kisha hasira zikampanda. Alijikasirikia mwenyewe, akalikasirikia tangazo la jikoni na yai la kuchemsha la mwaka jana, na akaondoka kwenda Juu akitembea kama anayekwenda kumpiga mtu.

Habari mbaya nazo zina miguu. Kabla jua halijatua zilishafika kwa wakubwa kwamba wahudumu wa Chini wamekataa chanjo. Kesho yake zilikuwa zimetiwa chumvi: wamesema chanjo inaua, na mpishi amemtolea nesi kisu. Mpishi mwenyewe, masikini, hata kuku humwita mtu amchinjie.

Wiki hiyohiyo Msimamizi aliwaita. "Siku wazee watakapopata dozi ya pili ndiyo mwisho. Baada ya hapo, asiyechanjwa haingii kwenye chumba cha mzee yeyote. Wakubwa wamekasirika. Mmepewa, mkakataa."

"Mama, hatukukataa," Kiguu na Njia alisema. "Tulidhani ni keki."

Msimamizi alifungua kinywa kucheka, akakifunga. "Nikawaambie wakubwa hivyo? Kwamba watu wangu hawajui tofauti ya chanjo na keki?"

"Waambie ukweli. Waambie hapa kwako mtu akisikia neno mabaki anafikiria kufukuzwa."

Funguo zililia kidogo kiunoni. Msimamizi akazishika zisilie, akaondoka.

Ndipo Kiguu na Njia alipoanza kuzunguka kwelikweli. Alikwenda zahanati ya mtaani, akapanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Karani akamwambia, "Nyinyi wa makao ya wazee mnachanjiwa kazini." Kazini akaambiwa, "Nyinyi mlikataa, subirini." Akaenda hospitali kubwa, mlinzi akamuuliza umri, akamwambia hajafikia umri wa kuchanjwa. "Basi nizeeke hapahapa getini?" alimuuliza, na mlinzi akamwambia hilo ni uamuzi wake. Usingizi ulimruka. Mumewe akizinduka alimkuta amesimama dirishani, mkono kwenye paji la uso, akijipima joto ambalo hakuwa nalo.

"Njoo ulale, mke wangu. Hata ugonjwa ukikufuata utachoka."

Mara hiyo hakucheka, na mumewe naye hakurudia mzaha. Alijua kinachomla. Kukosa kazi ya Chini ilikuwa shida, lakini shida za namna hiyo walizizoea. Kilichomtoa usingizini ni zile asubuhi zilizobaki, moja baada ya nyingine, akimwinamia Bi Posta uso kwa uso kumfunga vifungo, bila kujua ametoka na nini Juu.

Siku ya dozi ya pili wageni walichelewa. Wazee walichanjwa mmoja mmoja, mchana ukapita, saa ya kupanda kilima ikapita. Kiguu na Njia alipiga simu Juu kuomba ruhusa. "Ukichelewa leo," alijibiwa, "usijisumbue kuja na kesho." Akaiweka simu mfukoni, akabaki koridoni. Alitembea kutoka mlango wa ofisi hadi ngazi, kutoka ngazi hadi mlango wa ofisi, mpaka dobi akamwomba kwa jina la Mungu asimame, kichwa kinamzunguka.

Mlango ukafunguliwa. "Jamani," nesi alisema, "lile neno sitalisema tena. Dozi zimebaki. Njooni."

Zilikuwa chache kuliko watu. Wahudumu walikuwa wamejazana mpaka mlango wa jikoni, na kila mmoja alikuwa na sababu yake, mwingine ana mama mgonjwa, mwingine ana kitoto kichanga. Wakaanza kusukumana. Mpishi ndiye aliyepaza sauti: "Mtangulizeni Kiguu na Njia! Huyu ndiye anayezunguka nyumba zote. Huyu mkimwacha, mmefunga madirisha na kuacha mlango wazi."

Watu wakacheka, wakampisha. Mpishi hakuwa na nia mbaya, alitaka kumsaidia. Lakini maneno aliyokuwa akijiambia mwenyewe kila siku, sasa aliyasikia kwa sauti ya mtu mwingine, na yakamchoma kabla ya sindano.

Aliketi mbele ya nesi, akapandisha mkono wa blauzi. Yeye aliyewatazamisha wazee wote ndege, hakutafuta ndege. Alimtazama nesi. "Dada, kule Juu walikufa watatu. Ni mimi niliyewapelekea?"

Nesi alimfuta mkono kwa pamba. "Sijui, dada yangu. Na sidhani kama yupo atakayejua."

"Na sasa, huyu wa hapa siwezi kumpelekea?"

"Itapunguza sana. Mpe mwili wako muda, na barakoa usivue. Nikikwambia haiwezekani kabisa nitakuwa nakudanganya." Akamchoma. "Haya. Kakae sebuleni robo saa, tuone kama utapata kizunguzungu."

"Mimi sipati kizunguzungu. Nina kitanda cha kutandika."

"Robo saa. Umekaa chini."

Sebuleni, wazee waliochanjwa walikuwa wamekaa kwenye viti vyao wakiangaliwa. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu, kando ya Bi Posta, chenye mto wa kitambaa cha maua. Vile vyenye mto wa maua vilikuwa viti vya wageni, ndugu waliokuja kuwatembelea wazee. Mhudumu hakukalia kiti hicho, si kwa sheria, ila kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukikalia. Na wageni wenyewe walikuwa hawajaingia tangu milango ifungwe. Kiguu na Njia alikaa ukingoni mwake. Goti likaanza kucheza. Alitaka kuinuka, akamwona nesi anamtazama kupitia mlango ulio wazi, akatulia. Na alipotulia tu, wale watatu wa Juu wakaja: mwalimu, bibi kiziwi, na babu wa "mwanangu". Hakuwa na chochote mkononi cha kufanya, wala pa kuwakimbia. Akawalilia kimya kimya, barakoa ikalowa.

Bi Posta aligeuka taratibu. Alimtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka machoni, na uso wake ukafunguka.

"Karibu," alisema. "Wamekuruhusu kuingia?"

"Wameniruhusu, mama."

"Ahsante Mungu. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Asubuhi ile ile alikuwa amemwogesha, amemchana nywele, amemvalisha hilo gauni alilovaa. "Nilikuwa hapahapa, mama," alisema. "Kila siku niko hapa."

Bi Posta akatikisa kichwa kwa upole, kama unavyomsahihisha mgeni aliyekosea njia. "Hapana, mwanangu. Hawa wa hapa nawaona. Wanapita tu." Akanyoosha mkono wake wa kulia, ule wa mihuri, akaushika mkono wa Kiguu na Njia juu ya mto wa maua, akaukandamiza. "Usiondoke upesi. Nami sijapata mgeni muda mrefu."

Nesi alikuja mlangoni akasema robo saa imekwisha, anaweza kuinuka. Simu kutoka Juu ikaanza kulia mfukoni mwake. Kiguu na Njia aliona haya na furaha kwa pamoja, na hakujua ipi ni kubwa. Akasogea nyuma kwenye kiti, mgongo ukagusa mto, na akabaki amekaa.